Fundi Afanye Nini Kwanza?

Mhakiki wa fasihi amezoea kunukuu. Akitaka kuonyesha kwamba ubeti fulani umelegea, anauweka mezani na msomaji anajionea. Matini ninayotaka kuihakiki hapa hainipi ruhusa hiyo. Kila anayeketi kufanya Network+, mtihani wa mafundi wa mitandao ya kompyuta wa shirika la CompTIA la Marekani, hukubali kwanza masharti kwamba hatamwonyesha wala kumsimulia mtu yeyote maswali aliyoyakuta. Wanaoyasoma ni wengi, kuanzia Chicago hadi Nairobi na Dar es Salaam, na wote wamefungwa mdomo. Kilicho wazi kwa umma ni mwongozo wa mada, ambao mtu anaweza kuupakua bure, na umbo la mtihani wenyewe: maswali yasiyozidi 90, dakika 90, alama kati ya 100 na 900, na kufaulu ni kuanzia 720. Toleo ninalolisema ni N10-009, lililoanza Juni 2024. Maswali utakayoyakuta hapa nimeyatunga mimi kwa kufuata umbo hilo.

Sababu ya kuusoma kama fasihi ni hii. Vijana wengi wanaouandalia huuendea kama orodha. Wanakariri namba za poti: 22 ni SSH, 53 ni DNS, 67 na 68 ni DHCP, 443 ni HTTPS. Wanapiga msuli hadi usiku wa manane, wanabadilishana madesa kwenye WhatsApp, kisha wanaingia chumbani na kukuta kwamba swali halikuuliza namba. Limewapa kisa. Sehemu kubwa ya mtihani huu ni mkusanyiko wa visa vifupi kupita kiasi, vyenye mandhari, wahusika, mgogoro na kilele, vyote ndani ya sentensi tatu au nne. Anayeijua mitandao lakini hajui kusoma kisa anaweza kuanguka hapo, tena bila kuelewa kilichomwangusha.

Tukitazame kimoja kwa karibu:

Mfanyakazi wa ofisi ya uhasibu anaripoti kwamba tangu asubuhi hawezi kufungua tovuti yoyote. Wenzake wa chumba hichohicho hawana tatizo. Fundi anakagua kompyuta yake na kuona anwani ya IP 169.254.18.7. Fundi anapaswa kufanya nini KWANZA?
A. Kubadilisha anwani ya seva ya DNS kwenye kompyuta
B. Kuizima na kuiwasha upya swichi ya ghorofa
C. Kumuuliza mfanyakazi ni nini kilichobadilika tangu jana
D. Kuipa kompyuta anwani ya IP ya kudumu

Ofisi ya uhasibu haina kazi yoyote hapo. Ingekuwa kliniki au ghala la saruji, jibu lingebaki lilelile. Ni pambo, na msomaji mzoefu hulipita. Sentensi ya pili ndiyo yenye uzito, ingawa imevaa mavazi ya sentensi ya kujaza nafasi. "Wenzake wa chumba hichohicho hawana tatizo": kwa maneno hayo machache mtunzi ameondoa mashaka juu ya ruta, juu ya kampuni inayowauzia intaneti, juu ya swichi nzima. Tatizo ni la mtu mmoja. Anayeiwasha upya swichi ya ghorofa atakuwa amewakatia mtandao watu ambao hawakulalamika. Chaguo B limekufa kabla hujalifikia.

Kisha inakuja ile anwani. Kwa asiyejua, ni namba tu kama namba nyingine. Kwa anayejua, ni ishara, tena ishara yenye masimulizi ndani yake. Kompyuta iliyopangwa kupokea anwani kiotomatiki huiomba seva ya DHCP. Isipojibiwa, hujipangia yenyewe anwani inayoanza na 169.254, utaratibu uliowekwa rasmi kwenye waraka wa RFC 3927 mwaka 2005. Kwa hiyo namba ile moja inasema: niliomba, sikujibiwa, nikajipa. Tena inasema zaidi ya hapo. Kama kebo ingekuwa imechomoka kabisa, kompyuta ya Windows ingetoa taarifa kwamba haijaunganishwa, na fundi asingeiona anwani hiyo. Basi waya upo, mawasiliano na swichi yapo, ila ombi la anwani halifiki linakokwenda au jibu halirudi. Na ikiwa kompyuta haina hata anwani halali ya kutokea, kushughulikia DNS, inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, ni kuanzia juu ya paa wakati nyumba haina msingi. Chaguo A nalo limekwenda.

Hapa msomaji hodari kupita wengine anaweza kusita. Je, kama anwani za DHCP zimekwisha? Wenzake walizipata mapema, huyu amechelewa kazini, hakubakiwa na kitu. Ni hoja halali, na kwenye ofisi yenye simu nyingi zilizounganishwa na Wi-Fi ni jambo la kutarajiwa. Lakini kisa hakikuitaja na machaguo hayaigusi. Huo ni udhaifu wa kweli wa fani hii: humwadhibu anayeona mbali. Anayefikiria sababu 5 hutumia dakika 3, na mahesabu ya mtihani yanampa dakika moja tu kwa kila swali endapo yatakuja yote 90.

Wamebaki C na D, na kinachowaamua ni neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa. Watu wa ushairi wa Kiswahili wanajua kwamba katika shairi la mishororo minne, mshororo wa mwisho, yaani kituo, ndio unaobeba ubeti. Unaweza kuisikiliza mishororo mitatu kwa nusu sikio, lakini kituo kikikupita umekosa shairi. Swali la Network+ limejengwa hivyohivyo. Sentensi ya mwisho ndiyo kituo chake, na ndani ya kituo mna neno la amri: KWANZA, BORA, INAYOELEKEA ZAIDI, AFANYE NINI BAADAYE. Libadilishe kituo hicho huku ukiacha kila kitu kingine kama kilivyo. Andika: "Ni hatua ipi ya MUDA ingemwezesha mfanyakazi kuendelea na kazi?" Ghafla D inaamka na kuwa jibu, na C, iliyokuwa hekima, inageuka kuwa porojo. Kisa hakijabadilika hata kwa herufi, kilichobadilika ni swali linalokiulizia. Ndiyo maana walimu wa kozi hizi husisitiza kusoma mstari wa mwisho kwanza, na ushauri huo una maana ya kifani kuliko wanavyoufikiria wenyewe.

D inastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu ndiyo sentensi iliyotungwa kwa ufundi kuliko zote nne. Watungaji wa mitihani wa hapa kwetu huyaita majibu yasiyo sahihi vipotoshi, na kipotoshi duni hutambulika kwa kuwa hakuna binadamu angekichagua. D si hivyo. D ndicho kitendo ambacho fundi wa mjini, mwenye wateja wengine watatu wanaompigia simu, angekifanya saa hiyohiyo na kuondoka akishukuriwa. Na kingefanya kazi! Wiki mbili baadaye seva ya DHCP, isiyo na habari kwamba anwani ile ina mwenyewe, inampa mtu mwingine, na kompyuta mbili zinaanza kugombania anwani moja. Kipotoshi hiki kimetungwa na mtu anayewajua mafundi. B ni fundi mwenye pupa. A ni fundi aliyejifunza kitu kimoja juzi na anakiona kila mahali. D ni fundi mzuri aliyezoea kumaliza kazi. Machaguo manne ni picha za watu wanne, na mtahiniwa anaombwa aseme yeye ni nani kati yao. Au, kwa usahihi zaidi, anaombwa kwa dakika moja awe C.

Wahusika wenyewe, ukiwatoa kwenye vipotoshi, ni bapa kabisa. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu angewatambua. Fundi hana jina, hana umri, hana njaa. Hajawahi kuchoka. Meneja, akitokea, hutokea ili kutaka gharama ndogo. Mtumiaji hutokea ili kuripoti. Na namna anavyoripoti ndiyo inayonichekesha kila mara: kwa ufasaha, kwa mpangilio, akitaja saa tatizo lilipoanza na wangapi wameguswa. Nani aliwahi kukutana na mtumiaji huyo? Anayepiga simu kwa watu wa IT husema "mtandao unasumbua", na humo ndani kunaweza kuwa na bando lililoisha, nywila iliyosahauliwa, kichapishi kisicho na karatasi, au umeme uliokatika kwenye kabati la swichi. Nusu ya kazi ya fundi ni kuipata sentensi ambayo mtihani humkabidhi bure tangu mwanzo. Kwa hiyo ukiniuliza mtihani huu unapima nini, nitasema unapima vizuri sana nusu ya pili ya kazi.

Mandhari nayo si ya mtu yeyote tu. Ni jengo la ofisi la Kimarekani, lenye dari ya bodi zinazoning'inia na nafasi juu yake inayopitisha hewa ya kiyoyozi. Ndiyo maana mtahiniwa wa Mwanza au Kisumu lazima ajue kebo ya plenum, ambayo ganda lake hutengenezwa kwa malighafi isiyosambaza moto kirahisi na isiyotoa moshi mwingi, kwa kuwa moshi ukiingia kwenye nafasi ile husambazwa jengo zima pamoja na hewa. Kwenye majengo mengi anayoyafanyia kazi kebo hupita ukutani ndani ya mifereji ya plastiki, au hata nje ya mifereji hiyo, ikiwa imeshikizwa kwa vibanio. Sioni hilo kama kosa la mtihani. Riwaya ya London haiombi radhi kwa mvua yake. Lakini msomaji lazima ajue yuko kwenye jengo la nani, la sivyo ataliona swali la plenum kuwa ni swali la kukariri, na kumbe ni swali la mandhari: kebo inapita wapi, na moto ukitokea nani atavuta moshi?

Msuko wa visa hivi haukuachwa kwa mtunzi. Umewekwa rasmi ndani ya mwongozo wa mada kwa hatua 7: kutambua tatizo, kuweka dhana ya chanzo kinachoelekea, kuipima dhana, kupanga utatuzi na kuangalia athari zake, kutekeleza, kuhakikisha mfumo wote unafanya kazi na kuweka kinga inapofaa, kisha kuandika yaliyogunduliwa, yaliyofanyika na matokeo yake. Utatuzi wa matatizo peke yake una asilimia 24 ya mtihani, sehemu kubwa kuliko nyingine zote, kwa hiyo msuko huu ndio unaorudiwarudiwa. Swali la "afanye nini baadaye" ni swali la msuko mtupu: linakuangusha katikati ya hadithi na kukutaka utambue umefika ukurasa wa ngapi. Fundi amekwisha badilisha kebo na tovuti inafunguka, je, anaandika ripoti? Hapana, bado hajahakikisha mfumo wote. Anayejua kazi kwa mikono tu huruka hatua hiyo, kwa sababu mikononi haipo. Ukiona taa ya kijani, umehakikisha na umemaliza kwa pamoja.

Kuna jambo ndani ya hatua hizi ambalo sijaona vitabu vya maandalizi vikilisema. Hadithi hii ina milango miwili ya kutokea. Kwenye hatua ya tatu, dhana isipothibitika, fundi anaweza kuweka dhana nyingine au kulipeleka tatizo juu. Kwenye hatua ya tano tena: tekeleza, au lipeleke juu inapobidi. Milango yote miwili inaelekea kwa mkubwa. Hakuna mlango wa pembeni, wa kumuuliza mwenzako wa meza ya pili, wala wa chini, wa kumwambia mteja kwamba wewe hukijui kitu hiki na utakisoma leo usiku. Huu ni mtihani wa anayeanza, na umbo lake limemchorea anayeanza mahali pake penye ngazi: juu yake kuna mtu. Mhusika mkuu wa visa hivi vyote ni mwajiriwa wa kampuni yenye vyeo. Kijana aliyejiajiri, anayefunga Wi-Fi kwenye nyumba za wageni za Arusha na ambaye juu yake hakuna mtu isipokuwa Mungu na mwenye nyumba, anausoma msuko huu akiwa amesimama nje yake. Ataujua, ataufaulu, lakini neno "peleka juu" kwake halina mwelekeo. Hapo ndipo ninapoona maudhui ya mtihani waziwazi kuliko mahali pengine, na yamejificha kwenye kiunganishi "au".

Kuhusu matabaka ya OSI, kielelezo cha kuzigawa kazi za mtandao, kila anayejiandaa huanzia hapo na wengi huchukia hapo. Matabaka 7, yaliyowekwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1984, kutoka waya na mawimbi chini kabisa hadi programu za mtumiaji juu. Intaneti yenyewe haikujengwa kwa mpangilio huo. Waraka wa RFC 1122 wa mwaka 1989 unautazama mtandao kwa matabaka 4, na matatu ya juu ya OSI yanamezwa na moja. Sasa kwa nini mtihani unang'ang'ania 7? Kwa sababu OSI ni namna ya kusimulia. Inamwezesha fundi kusema hitilafu iko ghorofa ya ngapi, na kuamua apande au ashuke.

Waingereza na Wamarekani huyakariri kwa sentensi inayohusu soseji na pizza, na vijana wetu huimeza hivyohivyo. Si lazima. Herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza, kutoka chini kwenda juu, ni P, D, N, T, S, P, A. Nimejaribu hivi: "Pita dukani nunua tende, sukari, pilipili, achari." Hesabu mizani: kumi kabla ya mkato wa kwanza, kumi baada yake. Sikuipanga iwe hivyo, lakini kilichonifurahisha zaidi ni pale mkato ulipoangukia. Kipande cha kwanza kina matabaka manne ya chini, yale ambayo fundi huyagusa kwa kebo, kwa swichi, kwa ruta na kwa namba za poti. Humo ndimo mna vitenzi: pita, nunua. Kipande cha pili ni bidhaa tupu zilizopangwa mfululizo, na ndiyo matabaka matatu ambayo RFC 1122 huyafanya moja. Ukisahau ni kipi kinatangulia kati ya sukari na pilipili hutapata hasara kubwa kazini. Ukibadilisha mpangilio wa kupita, duka na kununua, hakuna safari. Kikumbusho kizuri kinapaswa kuumia mahali ambapo elimu yenyewe ingeumia.

Wala ushairi si mgeni kwenye taaluma hii. Radia Perlman, aliyebuni itifaki ya STP mwaka 1985 alipokuwa katika kampuni ya DEC, itifaki inayozizuia swichi zisizungushe ujumbe bila kikomo, aliieleza kazi yake kwa shairi fupi alilolipa jina Algorhyme. STP iko kwenye mtihani. Shairi halimo, na nadhani mtahiniwa angeelewa haraka zaidi kama lingekuwemo.

Baada ya visa vyote hivyo, mtu akifika kwenye maswali ya kugawa mitandao hupumzika au huzimia, kutegemea anavyoelewana na hesabu. Hapa hakuna fundi wala mfanyakazi. "Kompyuta ina anwani 172.16.35.123/20. Iko kwenye mtandao upi?" Machaguo: 172.16.0.0, 172.16.32.0, 172.16.35.0, 172.16.48.0. Ukiwa na ubao mdogo wa kufutika na kalamu, unahesabu. Anwani ina biti 32. Alama ya /20 inasema biti 20 za mwanzo ni za mtandao: 16 zinamaliza namba mbili za kwanza, 4 zinaingia kwenye namba ya tatu. Namba ya tatu basi inaruka kwa 16: 0, 16, 32, 48. Namba 35 iko kati ya 32 na 48, kwa hiyo mtandao ni 172.16.32.0, na unaishia 172.16.47.255.

Jibu si la kubishaniwa, na ningependa msomaji ayatazame makosa. Anayechagua 172.16.0.0 ameiona 172.16 akakumbuka madaraja ya zamani ya anwani, ambamo mpaka ulikuwa baada ya namba ya pili. Anayechagua 172.16.35.0 amezoea ruta ya nyumbani, ambamo mpaka huwa karibu siku zote baada ya namba ya tatu. Anayechagua 172.16.48.0 ndiye wa kuonewa huruma: hesabu yake yote ni safi, amepata mruko wa 16, kisha akapanda ngazi moja zaidi. Kila kipotoshi kina historia yake, na ukimwona mwanafunzi amekichagua unajua umrudishe somo gani. Mtindo huu wa maswali ya kuchagua ulipata nguvu Marekani mwaka 1917, jeshi lilipohitaji kupima askari wapya kwa haraka kwa mtihani ulioitwa Army Alpha, na umelaumiwa tangu hapo, mara nyingi kwa haki. Sisi tuliolelewa na penseli ya HB na karatasi za kusiliba tunazijua lawama hizo. Ila mbele ya vipotoshi vitatu kama hivi ninasita kuungana na wanaolaumu. Insha ya kurasa mbili isingeniambia kwa uwazi hivi kijana amepotelea wapi.

Pabaya ni kwamba yeye mwenyewe haambiwi. Karatasi ya matokeo humpa alama na orodha ya mada alizokosea, basi. Hajui ni kisa kipi, kipotoshi kipi. Na alama yenyewe ni fumbo: 720 kati ya 900 si asilimia 80, kwa sababu kipimo kinaanzia 100 na maswali hayapewi uzito kwa namna inayotangazwa. Ombwe hilo ndilo wanalolijaza wauzaji wa maswali ya wizi, wanaoahidi maswali halisi kwa bei ya chakula cha mchana. Mbali na kuvunja masharti, madesa hayo huharibu usomaji: hufundisha kulitambua jibu kwa sura yake bila kupitia kisa, na kituo kikibadilishwa neno moja, mnunuzi wake hutumbukia moja kwa moja kwenye D.

Yamebaki maswali ya vitendo, na hapo fani inabadilika kabisa. Skrini inaonyesha mchoro wa mtandao, swichi mbili, ruta, vituo vya Wi-Fi, na mtahiniwa anatakiwa kuzipanga VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile), kuweka anwani, au kufungua dirisha la amri na kutafuta hitilafu iko wapi. Msimulizi ametoweka. Hakuna tena "fundi anapaswa"; kuna wewe. Machaguo manne hayapo, kwa hiyo hakuna mtu wa kujificha nyuma yake. Mfanyakazi fasaha naye hayupo, na dalili ni lazima uzitafute mwenyewe, amri moja baada ya nyingine, kama ilivyo kazini. Ni hatua kutoka hadithi kwenda tamthilia, na ni sehemu pekee ya Network+ ambamo naona nusu ya kwanza ya kazi ikipimwa. Maswali haya kwa kawaida huwekwa mwanzoni. Kwa kuwa yanakula muda mwingi, ushauri unaozunguka kati ya watahiniwa ni kuyaruka, kumaliza ya kuchagua, kisha kuyarudia. Wengi huufuata, na ni ushauri wa busara kwa anayetafuta 720. Matokeo yake ni kwamba sehemu iliyotungwa vizuri kuliko zote husomwa mwisho, saa ya skrini ikiwa imebakiza dakika chache, na mtu ambaye tayari ameshasoma visa vingi vya mafundi wasio na majina.